Land Cruiser 105: nataka kuiinua nivalishe mipira ya 33 na feza ni kidogo. Wazoefu wa njia ya Kamituga, njooni

#1 KijanaWaPanzi

Jambo wakubwa.

Niko Bukavu, nina Land Cruiser HZJ105, ile ya injini ya 1HZ, dizeli bila tabo. Ilikuwa gari ya shirika, ikapita mikononi mwa watu, ndipo ikanifikia mimi. Injini inawaka asubuhi bila ubishi, gia zinaingia, kutu iko milangoni tu. Siku za juma inazunguka mjini. Biashara ikiita, inapanda Walungu, inashuka Mwenga, inafika Kamituga. Anayeijua hiyo njia kipindi cha mvua sina la kumweleza. Kamyo zinachimba mifereji miwili, katikati linabaki tuta la udongo, na mimi nikiingia humo difu ya nyuma (lile bonge la gia katikati ya ekseli) inalima tuta mpaka gari inasimama, magurudumu yanazunguka bure.

Mipira niliyo nayo ni 275/70R16, imekwisha kabisa. Nataka nivalishe 33 (kimo cha karibu inchi 33), yaani 285/75R16. Kuna jamaa huku Nyawera amevalisha 315/75R16, gari imesimama juu, kila nikipishana naye lazima nigeuze shingo.

Feza: dola 1,500, mipira humo humo. Garaji ya kwanza wameniambia watatia vipande vya chuma juu ya springi, gari ipande sentimita 10, kazi ya siku moja, bei ya kupatana. Garaji ya pili wanataka kuagiza seti kutoka Dubai, springi na amotisere (shokapu) za pembe zote nne. Hiyo peke yake inakula karibu feza yote, sasa mipira nitanunua na nini?

Nauliza: niinue kiasi gani ili 33 iingie bila kugusa? Vile vyuma vina ubaya gani? Na nianzie wapi? Aksanti.

#2 MtuWaKadutu

Naweka kiti changu hapa. Nina Land Cruiser ya 80, ugonjwa ni uleule.

#3 Nyawera4x4

Huyo jamaa wa 315 ni mimi 😂 Siku nyingine usigeuze shingo tu, simama tusalimiane. Nitarudi kueleza yangu, kwanza tuwasikie wazee.

#4 MzeeWaChasi

Kijana, jambo. Nimelala chini ya hizi gari tangu enzi za Land Cruiser 60, kwa hiyo nivumilie, nitasema mengi.

Kwanza tuelewane nini kinapandisha nini. 105 ina ekseli nzima mbele na nyuma. Ile difu inayolima imo ndani ya ekseli, na ekseli imebebwa na magurudumu. Springi inakaa juu ya ekseli. Ukitia springi ndefu, ukitia chuma, hata ukitia jiwe la ziwani, kinachopanda ni chasi na bodi: tanki, egzosi, giaboksi, bampa. Difu inabaki palepale. Mtu atakuuzia hizo sentimita 10, utakwenda Mwenga, utakwama kwenye tuta lilelile, ila safari hii utakwama ukiwa umekaa juu zaidi.

Kinachopandisha difu ni mpira peke yake, tena kwa nusu ya kimo kilichoongezeka. Piga hesabu. 275/70R16 ina kimo cha sentimita 79 hivi. 285/75R16 ni 83 na kitu. Tofauti ni 4 na kidogo, nusu yake ni 2. Ndiyo, sentimita 2, usicheke. Lakini umesema mipira yako imekwisha. Meno ya mpira mpya wa njia mbaya yanazidi sentimita moja, kwa hiyo ukivua hiyo mipara na kuvalisha 285 mpya unapata karibu 3 chini ya difu. Kwenye tuta la udongo laini, 3 ndizo zinazoamua kama unakwaruza ukapita au unapakia gari juu ya tuta.

Jambo la pili, na hili garaji zote mbili wamekunyima: 285/75R16 inaingia kwenye 105 yenye springi za kiwanda zilizo nzima. Kwenye 80 pia inaingia, ndugu wa Kadutu nawe usikie. Inaweza kugusa madigadi ya mpira nyuma ya gurudumu la mbele ukikata usukani mpaka mwisho. Unapunguza kwa kisu, kazi imeisha. Kama kwako haiingii, usilaumu kimo cha kiwanda. Springi zako zimelala. Gari ya shirika imebeba watu, madumu na mashine miaka yote, juu ya paa kuna mzigo mwingine, wewe ulitegemea springi zibaki kama zilivyotoka Japani?

Basi kabla hujatoa hata faranga moja, pima. Egesha mahali pa sawa (najua, Bukavu mahali pa sawa ni pa kutafuta, jaribu uwanja wa kanisa au wa shule). Gari iwe tupu. Pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda juu yake, pembe zote nne. Usipime kuanzia chini, mpira uliopungua upepo utakudanganya. Lete namba hapa.

Na vile vyuma vya 10 usivikubali. Sababu nitakupa ukishaleta namba.

#5 KijanaWaPanzi

Mzee aksanti sana. Hili la difu kutopanda hakuna aliyewahi kuniambia, na nimezunguka kwa mafundi.

Nimepima kwenye uwanja wa shule. Mbele kushoto 46, mbele kulia 45. Nyuma kushoto 47, nyuma kulia 44. Usukani wangu uko kulia.

#6 Mkigoma

Nyuma kulia 44 na kushoto 47? Mkuu hiyo gari ikisimama inaonekana inasikiliza kitu chini 😂

Huku Kigoma tunatumia vipande vya nailoni ngumu juu ya springi, fundi wa mashine ya kukereza anakuchongea, gari inapanda na maisha yanaendelea. Mzee mbona unavikataa?

#7 MzeeWaChasi

Mkigoma, sikukataa kipande, nimekataa sentimita 10. Tutafika huko.

Kijana, namba zako zinasema zenyewe. Tofauti ya 3 kati ya kushoto na kulia nyuma maana yake springi ya kulia imekufa au imevunjika mzingo wa mwisho. Ingiza tochi uangalie, mara nyingi inakatika pale inapokaa kwenye kikombe chake na hutaiona ukiwa umesimama. Mbele nako kumelala. Kipande juu ya springi ya namna hiyo ni kumvalisha mgonjwa viatu virefu: kimo kimepatikana, mgonjwa ni yuleyule. Ukipakia mzigo wa Kamituga atajikunja kama jana.

Sasa kuhusu kuinua. Mimi nina mpaka mmoja tu, sentimita 5 juu ya kiwanda. Si kwamba juu ya hapo haiwezekani. Ni kwamba juu ya hapo bei ndogo imekwisha, kila sentimita inakuja na madai yake.

Mbele ya 105 ekseli inashikwa na mikono miwili mirefu inayokwenda nyuma kwenye chasi. Chasi ikipanda, mikono inainama, ekseli yote inajizungusha kidogo, na ile kasta, yaani mlalo unaofanya usukani urudi wenyewe katikati, inapungua. Kwa sentimita 5 unapoteza karibu digrii 2. Toyota walikupa kama 3. Utaona gari inatangatanga njiani, usukani haurudi baada ya kona. Dawa ni bushi za mikono zenye tundu lililosogezwa pembeni. Kwa 5 bushi zinatosha. Kwa 10 hazitoshi, unaingia kwenye mikono mipya au kukata na kuchomelea vishikizo vya ekseli, na kuchomelea kitu kinachoshika usukani wako si kazi ya kumpa kila mwenye mashine ya kuchomelea.

Bari ya Panhard, ile inayozuia ekseli isiende kushoto na kulia, nayo inaivuta ekseli kuelekea upande ambako bari imefungwa kwenye chasi. Kwa 5 ni milimita chache, unaishi nazo. Kwa 10 gurudumu moja linachungulia nje ya fenda na lingine limejificha.

Kisha hosi za breki. Ekseli ikining'inia kwenye shimo hosi fupi inavutwa, na hosi ikikatika huna tena cha kujadili. Kisha propela shafti ya mbele, ile nondo inayopeleka nguvu kwenye ekseli, inafanya kazi kwa pembe mbaya, inaanza kutetema. Kisha amotisere: ya kiwanda ina urefu wake, ukiinua 10 inakuwa imevutika karibu mpaka mwisho gari ikiwa imesimama tu. Kila shimo itagonga, baada ya muda inachomoka kichwa.

Ongeza na hili wengi hawalijui. Angalia nyuma, juu ya ekseli, kama kuna kijiti kinachounganisha ekseli na valvu ya breki kwenye chasi. Hiyo valvu inapima mzigo: gari ikiwa imelala nyuma inajua umepakia, inapeleka breki zaidi nyuma. Ukiinua, inadhani gari ni tupu siku zote na inapunguza breki za nyuma. Lazima kijiti kirekebishwe kifuate kimo kipya. Hii haina gharama, ni spana tu na kichwa.

Sasa Mkigoma: kipande cha nailoni cha sentimita 3, juu ya springi nzima, kimechongwa mviringo kikakaa vizuri kwenye kikombe, na amotisere za kawaida, mimi sina neno. Kimoja kila upande, usipange viwili. Usitumie mbao. Na springi usiikate, usiichomelee, usiipashe moto. Chuma cha springi kikipigwa moto kinapoteza ugumu wake, kitakatika siku usiyoitaka.

#8 MtuWaKadutu

Na kuinua bodi peke yake, vile vigogo kati ya bodi na chasi?

#9 MzeeWaChasi

Kinatoa nafasi ya mpira bila kugusa kasta wala shafti, hilo ni kweli. Lakini unadai boliti ndefu zenye ugumu wa kutosha, kimikono cha usukani kinanyooshwa, mdomo wa tanki unavutika, kava la feni linagongana na feni, kijiti cha gia kinahama. Kwa ya 80 yenye kutu kwenye vishikizo vya bodi, acha kabisa. Valisha 285 kwenye springi mpya uende zako.

#10 WaLabotte

Wazee shikamoo. Mimi nina Land Cruiser 100 VX, siyo 105. Mbele haina springi hizo. Fundi amesema anazungusha boliti mbili tu gari inapanda bure. Ni kweli?

#11 MzeeWaChasi

Marahaba. Ni kweli na ndipo mtego ulipo. 100 mbele ina nondo za tosheni, yaani nondo zinazojipinda badala ya springi, ukikaza boliti gari inapanda. Lakini nondo haikuongezeka urefu wala nguvu, umeikaza tu. Mwendo wa gurudumu kushuka unapungua, gari inaruka kama mkokoteni, na sivi, vile viungo vya shafti za magurudumu ya mbele, zinafanya kazi kwa pembe kali, zinachana mipira yake ya grisi. Sentimita 3 inatosha, na nyuma utie springi zinazolingana. Inua gurudumu kwa jeki kabla ya kuzungusha boliti, usilazimishe ikiwa na uzito, utakula nyuzi. Hesabu mizunguko sawa pande zote, kisha nenda moja kwa moja wakakupimie alaimenti. Kwako wewe hilo la mwisho si hiari, mipira ya mbele italika upande mmoja kabla ya mwezi kwisha.

#12 MamaUsukani

Habari zenu. Mzee nimekusoma, karibu yote nakubali. Mimi si fundi, mimi ni shofere. Nimeendesha gari za miradi njia ya Bunyakiri mpaka Hombo, na kule Ngomo, ule mteremko wa kwenda Kamanyola, jiwe upande huu na korongo upande ule. Nitasema yangu kutoka nyuma ya usukani.

Kijana, umesahau kusema juu ya paa unabeba nini. Kama una kareya la chuma na unapakia magunia na madumu hapo, kuinua gari ni kuongeza uzito juu ya uzito. Gari iliyoinuliwa na kupakiwa paa, kwenye kona ya Ngomo iliyolegea upande wa nje, utaihisi tumboni kabla ya kuiona. Shusha mzigo ndani kwanza. Hiyo ni bure.

La pili ni upepo. Watu wa mjini wanaweka kilo 2 na nusu na wanakwenda nayo mpaka Kamituga. Kwenye matope shusha mpaka kilo 1 na nusu. Mpira unalala, unashika. Ukitoka penye mawe makali au ukifika lami, jaza tena, usikimbize gari mpira ukiwa laini. Pampu ndogo ya kufunga kwenye betri na kipimo cha upepo ni bei ndogo kuliko springi moja, na nimeona gari zisizoinuliwa zikipita kwa ajili ya hiyo pampu huku zilizoinuliwa zinavutwa na kamyo.

La tatu: mfereji si lazima uuingie. Panda gurudumu moja juu ya tuta la katikati, lingine juu ya ukingo, mwendo wa taratibu, gia ndogo. Utateleza, ndiyo. Ukiona huwezi, shuka utembee kwa miguu uangalie kwanza. Mashofere wa kamyo watakucheka, waache.

Na hapa napingana na Mzee kidogo. Kwa nini 285? Upana wa nini kwenye mifereji ya kamyo? Sisi tulikuwa na mipira myembamba, 235/85R16, kwenye rimu nyembamba za chuma. Mpira mwembamba unakata tope unatafuta udongo mgumu chini. Ule mpana unaelea juu ya tope, unajaa meno, unakuwa laini kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Tena ni bei ndogo, na huku kwetu unaupata kokote.

#13 MzeeWaChasi

Mama, heshima yako. 235/85R16 ni mpira mzuri na sitabishana na mtu aliyepita Hombo. Ila kimo chake ni sentimita 80 na nusu, difu inapanda chini ya sentimita moja kuliko 275 mpya. Kijana shida yake ni difu. Kama angepata 255/85R16, hapo ningekuunga mkono bila neno, ni mwembamba na una kimo cha 84. Tatizo ni kuupata.

Rimu vilevile. Rimu pana ya inchi 8 haikubali 235 vizuri. Anahitaji rimu nyembamba. Land Cruiser 79 za kuanzia 1999 zina boliti 5 zenye duara la milimita 150, sawasawa na 105, kwa hiyo rimu za 79 zinaingia. Ndugu wa Kadutu wewe usikimbilie, 80 ina boliti 6.

#14 MamaUsukani

Mzee, tope la Kamituga lina chini. Mahali penye chini, mwembamba anafika. Sibadili neno.

#15 Mkigoma

Hapa nimepata burudani na elimu kwa pamoja. Endeleeni.

#16 Nyawera4x4

Haya, zamu yangu. Gari yangu ni 105 kama yako, nimevalisha 315/75R16, kimo cha 88. Difu imepanda zaidi ya sentimita 4 kuliko ya kiwanda na sijuti hata kidogo. Lakini nikuorodheshee nilichofuatia baada ya mipira, ili ujue: springi, amotisere ndefu, bushi za kasta, hosi ndefu za breki, fenda zimekatwa nyuma ya gurudumu la mbele, vizuizi vya mpira juu ya ekseli vimeongezwa urefu maana bila hivyo mpira unakula bodi gari ikijikunja.

Bado hujaongelea nguvu. 1HZ ni lita 4.2 na inatoa karibu farasi 130, na hizo zinahesabiwa usawa wa bahari. Bukavu tuko karibu mita 1,500, hewa imepungua kama asilimia 15, na injini haina tabo ya kufidia. Sasa tia mpira mkubwa. Difu yangu ni ya 4.1, na kwa 315 inakuwa kana kwamba nina 3.7. Nikitoka ziwani kupanda mjini, gia ya pili ninayoitumia mimi wewe uko ya tatu. Kwa 285 itakuwa kama 3.9, utaisikia kidogo ila utaizoea. Breki nazo ni hadithi ileile kwa upande wa pili, na ukiteremka injini inakushikilia kwa nguvu ndogo kuliko zamani.

Gari yangu inanipeleka kazini na Jumapili matembezini. Mzigo wa Kamituga ningekuwa nabeba, ningebaki 285.

Ah, na kipimo cha mwendo kinadanganya. Kwa 285 kikisema 80 wewe uko 84. Kwa 315 uko karibu 89.

#17 LubumGaraji

Salamu kutoka Lubumbashi. Sisi huku tumekaribia Kasumbalesa, springi na amotisere zinapanda kutoka Afrika Kusini kupitia Zambia, kwa hiyo tunazo aina nyingi za Australia, Old Man Emu, Ironman, Tough Dog na kadhalika. Kwa Bukavu najua usafiri utamaliza faida, sikwambii uagize huku. Nakwambia tu namna ya kuchagua.

Seti za kuinua zinauzwa kwa kimo na kwa mzigo. Wengi wanaangalia kimo. Springi ya "sentimita 5" iliyotengenezwa kwa gari yenye kilo 300 za ziada nyuma, ukiifunga kwenye gari tupu itapanda 8 na itakurusha kama mpira. Na springi ya gari tupu ukiipakia magunia inarudi chini. Mwambie muuzaji unabeba kilo ngapi siku za kawaida, siyo siku moja ya harusi.

Springi za mtumba usinunue. Zilitolewa kwenye gari kwa sababu.

Amotisere: kama hazivuji na hazina mchezo, na hupandi zaidi ya 3 hivi, bakisha za zamani kwa sasa. Sukuma kona ya gari kwa nguvu uiachie: ikipanda ikatulia, bado inafanya kazi. Ikiendelea kucheza, imekwisha. Hizo utazibadilisha baadaye bila kufungua kitu kingine.

Na mipira, soma pembeni. Kuna namba nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT: 3219 maana yake juma la 32 la mwaka 2019. Mpira unaweza kuwa na meno yote na ukawa mzee, ufa mdogo kwenye ubavu ndio alama. Uangalie pia uzito unaobeba. 285/75R16 zipo za gari nyepesi na zipo zenye LT mbele ya namba, zilizo na ubavu mgumu. Kwa mzigo na mawe chukua LT.

#18 KijanaWaPanzi

Ndugu zangu mmenifungua macho. Mama, kareya ninalo na ndiyo, napakia juu. Nitalishusha.

Tochi nimeingiza: springi ya nyuma kulia imekatika mzingo wa chini, kama Mzee alivyosema. Kipande kimekaa kwenye kikombe kimeota kutu.

Nafikiri hivi: mipira 285/75R16 LT, minne. Springi mpya nne za kubeba mzigo, zenye kupandisha 2 au 3 juu ya kiwanda. Amotisere zangu zibaki, nimezisukuma, zinatulia. Vyuma hapana. Mnaonaje?

#19 MzeeWaChasi

Sasa unaongea. Ongeza vitu viwili vya bei ya soda.

Kipumulio cha difu. Juu ya kila ekseli kuna kikofia kidogo kinachotoa hewa. Difu ikiwa ya moto ukaingia mtoni inapoa ghafla, inavuta hewa, na kama kikofia kiko chini ya maji inavuta maji. Nunua mita chache za hosi isiyoyeyuka kwa oili, ifunge pale, ipandishe mpaka chini ya boneti mbele na juu kwenye bodi nyuma, mwisho wake utazame chini na uwe na kichujio kidogo. Kuna watu wameinua gari mpaka mbinguni na difu zao zimejaa maji rangi ya chai ya maziwa.

Pili, fundi akifunga springi, zile boliti za bushi, za mikono na za Panhard, asizikaze gari ikiwa inaning'inia kwenye jeki. Azishike tu. Ashushe gari chini, itikiswe, ikae kwenye kimo chake, ndipo akaze mpaka mwisho. Bushi ya mpira iliyokazwa ikiwa imening'inia inabaki imejipinda maisha yake yote na inachanika mapema. Simama naye, umuone kwa macho.

#20 WaLabotte

Nimekaza tosheni sentimita 3, alaimenti nimepima, gari imetulia. Aksanti Mzee.

#21 KijanaWaPanzi

Nimerudi na habari. Kazi imefanyika.

Mipira imekula zaidi ya nusu ya feza, springi zimekula nyingi ya iliyobaki, kazi ya fundi na hosi za vipumulio zikamaliza. Pampu ya upepo nimeazima kwa shemeji mpaka mwezi ujao.

Namba mpya, gari tupu: mbele 51 pande zote mbili, nyuma 53 kushoto na 52 na nusu kulia. Kijiti cha valvu ya breki nimekirekebisha, fundi alikuwa hakijui, akapiga picha aonyeshe wenzake. Usukani umekuwa mwepesi kidogo katikati lakini unarudi wenyewe. Bushi za kasta nitazitia feza ikipatikana.

Tumejaribu kugusa: gurudumu la mbele kushoto juu ya jiwe kubwa, la nyuma kulia juu ya jiwe lingine, usukani umekatwa mwisho. Mbele iligusa madigadi, nimekata kipande upana wa vidole viwili. Nyuma haigusi.

Nimekwenda Mwenga na kurudi, mvua ilinyesha usiku kabla. Pale pabaya nilishusha upepo, nikapanda tuta kama Mama alivyosema. Difu ilikwaruza mara kadhaa, ila gari ilipita. Kulikuwa na Prado imekaa humo na watu wanachimba kwa jembe, tukaivuta.

Swali moja limebaki. Mpira wa akiba ni ule wa zamani wa 275. Nikipasukiwa nitafunga huo huku mitatu ni 285. Kuna ubaya?

#22 Nyawera4x4

Hongera! Sasa tutageuziana shingo.

#23 MamaUsukani

Hongera mwanangu. Na ukiona Prado imekaa, uliza kwanza imebebwa na nini chini kabla ya kuvuta. Usivute kwa bampa.

#24 MzeeWaChasi

Ubaya upo na ni mkubwa hasa kama 105 yako ni ile inayoendesha magurudumu yote manne muda wote. Mpira mmoja ukiwa mfupi, difu ya ekseli hiyo inafanya kazi bila kupumzika, na ya katikati nayo inafanya kazi. Kwa kilomita chache za kufika kwa fundi wa mipira, na difu ya katikati isifungwe, sawa. Kutoka Kamituga mpaka Bukavu, hapana.

Tafuta 285 moja ya mtumba yenye ubavu mzima, si lazima ilingane meno. Itaingia pale chini nyuma kwa kubanana, ifunge ikiwa na upepo kidogo kama inagusa, na angalia isiwe karibu na egzosi. Hapo ndipo Nyawera anajua kwa nini wake uko juu ya paa.

#25 Nyawera4x4

Juu ya paa na kila nikiushusha nahitaji watu wawili 😅

#26 MtuWaKadutu

Mzee, na springi za 80 za mzigo, za mbele na nyuma, zinaweza kutoka kwenye seti ya 105 au ni tofauti?

#27 MzeeWaChasi

Zinafanana sana lakini usinunue kwa kufanana. Njoo na namba iliyoandikwa kwenye springi yako ya zamani, au ipakwe rangi ionekane, piga picha uweke hapa. Na pima kwanza pembe zote nne kama mwenzako.

#28 MtuWaKadutu

Kesho asubuhi naleta namba, nikipata mahali pa sawa.